FUNDI WA KIJIJI: Tuba mbili mbovu, tuba moja nzima



Huenda katika stoo ya shule yenu, au nyuma ya kanisa, au katika ofisi ya kijiji, kuna dude kubwa la shaba limelala kifudifudi. Lina mabomba yaliyojikunja kama utumbo wa ng'ombe. Mdomo wake ni mpana kama beseni. Watoto hulirushia mawe ili lilie. Pengine kuku amewahi kutagia humo.

Dude hilo ni tuba. Zamani lilikuwa sauti nzito ya beni yenu. Siku moja likakataa kulia, likatupwa stoo, na beni ikaendelea bila sauti ya chini.

Siku hizi wanunuzi wa vyuma chakavu hupita vijijini na mizani zao. Mnunuzi akiliona dude hilo, macho yake hung'aa. Tuba kubwa ina uzito wa kilo 8 hadi 11 hivi, na shaba huuzwa kwa kilo. Atawapa fedha mkononi, nazo zitakwisha kwa siku mbili. Tuba ikishapondwa na kutiwa katika gunia, haitarudi tena. Na bei ya tuba mpya ni mzigo mkubwa kwa kijiji.

Kwa hiyo mwezi huu tuizungumzie tuba kabla haijapandishwa kwenye mizani.

Tuba si chombo cha kale sana. Iliandikishwa kwa mara ya kwanza huko Berlin, Ujerumani, tarehe 12 Septemba 1835. Wenye kazi hiyo walikuwa Wilhelm Wieprecht, kiongozi wa beni za jeshi, na fundi wa vyombo Johann Gottfried Moritz. Walitaka sauti nzito inayosikika vizuri uwanjani, nje ya nyumba. Huku kwetu vyombo vya shaba vililetwa na majeshi na wamisheni. Watu wa pwani waliona, wakaiga kwa namna yao, na katika miaka ya 1890 ikaanza ngoma ya beni. Vita vya 1914 hadi 1918 vikaieneza bara. Hata leo, harusi nyingi za mjini hutanguliwa na matarumbeta. Makanisa mengi ya Kilimanjaro, Arusha na Mbeya yana beni za shaba. Yote hayo ukiyasikiliza bila tuba, utasikia kama nyumba isiyo na msingi.

TUBA NI BOMBA TU

Usiogope mikunjo yake. Tuba ni bomba moja refu lililokunjwa ili liweze kubebwa. Tuba kubwa, ile wanayoiita ya Bi-flati, ukiinyoosha ina urefu wa mita 5 na nusu hivi. Tuba ndogo zaidi, ya I-flati, ina mita 4 na sentimita 10 hivi. Bomba refu hutoa sauti nzito. Bomba fupi hutoa sauti nyembamba. Ni vivyo hivyo kwa filimbi za mianzi ambazo wachunga ng'ombe hutengeneza.

Sasa angalia katikati ya tuba. Utaona vali tatu, na pengine nne. Kazi ya vali ni kuurefusha mwendo wa hewa. Ukibonyeza, hewa hulazimika kuzunguka katika bomba la nyongeza, na sauti hushuka. Waimba kwaya watanielewa haraka. Vali ya pili hushusha sauti kidogo, kama kutoka fa kwenda mi. Vali ya kwanza hushusha zaidi, kama kutoka re kwenda do. Vali ya tatu hushusha kama kutoka fa kwenda re.

Vali ziko za namna mbili. Ya kwanza ni pistoni, inayopanda na kushuka ndani ya nyumba yake kama pampu ya baiskeli. Ya pili ni vali ya kuzunguka. Hiyo haishuki. Hugeuka robo mzunguko kama kitasa cha mlango. Tuba nyingi za Uingereza zina pistoni. Nyingi za Ujerumani zina vali za kuzunguka.

Shika neno hili kabla hatujaendelea: bomba laweza kutengenezwa na fundi wa huku, lakini vali haiwezi. Pistoni na nyumba yake vimesagwa pamoja mpaka nafasi iliyobaki kati yake ni nyembamba kuliko unywele. Hakuna tupa wala msasa utakaokupa kazi ya namna hiyo. Kwa sababu hiyo, ukiwa na tuba mbovu, swali la kwanza si mdomo umepondeka vipi. Swali la kwanza ni hali ya vali zake.

KWANZA OSHA

Usiipulize tuba iliyokaa stoo miaka mingi kabla ya kuiosha. Ndani yake mna vumbi, ukungu na mavi ya mende. Manyigu hupenda sana kujenga humo viota vya udongo. Ukivuta pumzi kwa nguvu, uchafu huo utaingia kifuani mwako. Nimeona tuba iliyohesabiwa kuwa imekufa, kumbe ilizibwa na kiota cha manyigu tu! Iliponywa kwa ndoo mbili za maji.

Maji yawe ya uvuguvugu, si ya moto sana. Tia sabuni. Toa kila kitu kinachotoka: kipulizio, pistoni, mabomba ya kuvuta. Piga mswaki ndani kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kamba. Ukitaka kuondoa kutu ya kijani, maji ya ndimu yanafaa, lakini suuza upesi. Shaba ya manjano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Ukiiacha katika ndimu usiku kucha, zinki hutoka, ikabaki shaba yenye rangi ya waridi, dhaifu kama biskuti.

Kwa kweli mate ya wapigaji hufanya kazi hiyo hiyo polepole kwa miaka mingi. Angalia bomba la kwanza, lile linalopokea kipulizio. Ukiona madoa mekundu, bonyeza kwa kidole gumba. Likibonyea, bomba hilo limekwisha, hata kama kwa mbali linang'aa.

Bomba la kuvuta likikataa kutoka, usiligonge kwa nyundo. Tia mafuta ya taa kwenye maungio, subiri siku mbili au tatu, ongeza tena. Kisha pitisha kitambaa imara kwenye mkunjo wake, mtu mmoja ashike tuba, mwingine avute kwa mshtuko mfupi mfupi. Kuna wakati hukubali siku ya kumi. Mwenye haraka hulivunja.

Yako magonjwa ambayo hayahitaji tuba ya pili. Tuba yenye vali za kuzunguka huenda imelala miaka kumi kwa sababu ya uzi tu. Vali za namna hiyo nyingi huvutwa na kamba nyembamba. Kamba ikikatika, kitufe hakigeuzi kitu. Muulize mvuvi akupe uzi imara wa kusokotwa. Iangalie vali ya jirani ambayo bado ni nzima, uone uzi wake unavyozunguka, ufuate vivyo hivyo. Kilango cha kutolea mate kikivuja, kata kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, kibandike mahali pa kizibo kilichokufa.

Vile vile, vile vitambaa vizito vilivyo chini ya vitufe vya pistoni huchakaa. Unene wake ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Kikiwa chembamba mno, pistoni hushuka kupita mahali pake, na tundu zake hazikutani na tundu za mabomba. Toa bomba la kuvuta la vali ya pili, bonyeza kitufe chake, angalia ndani kwa tochi. Tundu lionekane duara kamili. Ukiona mwezi mwandamo badala ya mwezi mpevu, badili unene wa kitambaa mpaka mwezi ujae. Kipande cha kofia kuukuu ya pama chafaa.

KUIPIMA VALI

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Tuseme beni yenu ina tuba ambayo mwili wake ni mzuri, lakini vali zake zimelika. Tuseme pia kijiji cha jirani kina tuba iliyokanyagwa na lori. Mdomo wake umekuwa kama chapati. Watu wote wanasema hiyo ya pili haina maana tena. Mimi nasema hiyo ndiyo mali, ikiwa vali zake ni nzima.

Utajuaje? Safisha pistoni, tia mafuta membamba ya vali, irudishe mahali pake. Usibonyeze. Vuta bomba lake la kuvuta kwa kadiri ya sentimita 2 au 3. Subiri huku ukihesabu mpaka tano. Kisha bonyeza vali. Ukisikia mlio wa "po!", kama kizibo kikitoka kwenye chupa, vali hiyo na bomba lake havipitishi hewa. Usiposikia kitu, hewa imepita pembeni. Badala ya kulaumu vali mara moja, lipime bomba la kuvuta peke yake. Ziba mwisho mmoja kwa mpira, puliza mwisho wa pili, lizamishe katika karai la maji. Wewe unayejua kuziba pancha, unajua maana ya mapovu.

Kila pistoni ina namba yake: 1, 2, 3. Iheshimu namba hiyo. Pistoni ya 1 isiingie nyumba ya 2, hata ikionekana kuingia. Na usichukue pistoni ya tuba moja ukaitia katika nyumba ya tuba nyingine, hata kama zimetoka kiwanda kimoja. Zilisagwa kila moja na nyumba yake. Mkitaka kuhamisha vali, hamisheni seti nzima: pistoni zote, nyumba zote, na vipande vifupi vinavyoziunganisha. Ni kama kuhamisha kuku anayeatamia. Humchukui kuku peke yake ukaacha mayai.

DAFTARI NA KAMBA

Kabla ya kuwasha moto wowote, chukua daftari. Hapa ndipo kusoma na kuandika kunakuwa nyenzo, sawa na koleo na tupa. Chora tuba zote mbili jinsi zilivyo. Si lazima mchoro uwe mzuri. Funga kikaratasi kwa kamba kwenye kila bomba. Andika "A1", "A2" kwa tuba ya kwanza, na "B1", "B2" kwa tuba ya pili. Andika pia upande wa juu ni upi. Tuba ina vipande vingi vinavyofanana kama watoto pacha, na moto ukishavitenganisha, akili peke yake haitakumbuka.

Kisha pima unene wa mabomba yanayoingia na kutoka katika vali. Fundi chuma ana kipimo cha vania. Kama hamna, kata ukanda mwembamba wa karatasi, uzungushe bomba, tia alama mahali ncha zinapokutana, unyooshe ukanda, upime kwa rula. Gawa kwa 3.14. Ukanda wa milimita 63 maana yake bomba lina upana wa milimita 20. Fanya hivyo kwa tuba zote mbili. Zikitofautiana nusu milimita, si neno. Zikitofautiana milimita 2 au zaidi, mtahitaji kipande cha kati kinachopanuka polepole, na kazi inakuwa kubwa. Mimi katika hali hiyo ningetafuta kwanza tuba nyingine.

Pima na urefu. Kama seti ya vali inatoka kwenye tuba ya I-flati na mwili wenu ni wa Bi-flati, mabomba ya kuvuta yatakuwa mafupi. Kwa tuba ya Bi-flati, vali ya pili huongeza sentimita 33 hivi, ya kwanza sentimita 67, ya tatu sentimita 104, pamoja na njia ya ndani ya pistoni. Kwa tuba ya I-flati ni 24, 50 na 78. Toa, utapata upungufu: 9, 17 na 26. Bomba la kuvuta lina miguu miwili, kwa hiyo gawa kwa mbili. Kila mguu wa vali ya pili uongezwe sentimita 4 na nusu, wa kwanza 8 na nusu, wa tatu 13. Usipofanya hivyo, tuba italia, ndiyo, lakini kila ukibonyeza vali itakosana na wenzake. Na kama mabomba ya zamani ya mwili wenu yana upana ule ule, yatumieni hayo, msumbuke kidogo zaidi katika kuyaunganisha.

USIIPELEKE KWA MCHOMELEAJI WA MAGETI

Hapa ndipo tuba nyingi hufa mara ya pili. Kijiji kinakusanya fedha, kinampa kijana mwenye baiskeli, naye anaipeleka tuba kwa fundi wa kuchomelea mageti kwa umeme. Fundi huyo ni hodari kwa kazi yake. Lakini chuma cha geti ni kinene. Ukuta wa tuba hauzidi milimita 1. Shaba ya manjano huyeyuka kwenye joto la nyuzi 900 na kitu, na moto wa umeme unapita nyuzi 3,000. Akigusa tu, tundu limekuwa kubwa kama shilingi. Zaidi ya hayo, zinki iliyomo hupanda kama moshi mweupe. Moshi huo humletea fundi homa na kutetemeka usiku, akadhani ni malaria.

Tuba huunganishwa kwa lehemu laini, ile ya risasi na bati, inayoyeyuka kwenye nyuzi 190 hivi. Ni nani anayeijua kazi hiyo? Fundi wa rejeta za magari! Rejeta za zamani ni za shaba, na fundi wake amelehemu shaba maisha yake yote. Sonara pia ana mkono mwepesi na moto mdogo. Mpelekee mmojawapo, na wewe mwenye daftari ukae karibu naye.

Mwambie hivi. Pistoni zote zitolewe kabla ya moto. Mafuta ya taa yaliyotumika kulainisha yaoshwe kwa sabuni na kukauka kabisa, yasije yakawaka. Maungio ya jirani yafungwe vitambaa vya maji, ili moto wa huku usiyeyushe kule. Lehemu ya zamani ipashwe moto mpaka ing'ae kama maji, kisha bomba livutwe taratibu. Likikataa, lipashwe tena. Nguvu hupinda nyumba ya pistoni, na nyumba ikipinda hata kidogo, pistoni hukwama, na hapo tumepoteza kile tulichokuja kukiokoa.

Mabomba mawili huunganishwa kwa pete, yaani kipande kifupi cha bomba pana kidogo kinachovaliwa na ncha zote mbili. Pete iingie kwa kubana. Lehemu laini haijazi pengo. Hufanya kazi pale tu inaponyonywa katika nafasi nyembamba. Mkitafuta bomba la pete katika mabaki ya pazia au samani, chukueni sumaku kutoka kwenye spika mbovu ya redio. Ikinata, hiyo si shaba. Ni chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu. Lakini kwa nini mwende mbali? Ile tuba ya lori ina mabomba mengi mazima. Kateni humo.

Mafundi wa rejeta hutumia asidi kuisafisha shaba ili lehemu ishike. Kazi ikiisha, osheni kwa maji na sabuni nje na ndani, kwa sababu asidi iliyobaki hula bomba. Risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Kazi ifanyike nje, watoto wakae mbali, na mafundi wanawe kabla ya kula. Kipulizio kisitengenezwe kwa risasi hata kidogo, maana hicho hukaa midomoni. Tumieni kile cha tuba ya pili.

Na mibonyeo? Msihangaike sana na mdomo mpana. Mbonyeo mkubwa mdomoni hukera macho kuliko masikio. Mbonyeo mdogo katika bomba jembamba la mwanzo, huo ndio unaoharibu sauti. Kwa mdomo, kigingi cha mbao laini ndani na nyundo ya mbao nje vinatosha. Piga kidogo, pumzika. Shaba ikigongwa sana huwa ngumu, halafu hupasuka.

TUBA YA NANI?

Kuna ufa mwingine ambao lehemu haiuzibi. Tuba ya kwanza ni yenu. Ya pili ni ya jirani. Siku ikilia, ni ya nani? Wakati imelala stoo hakuna aliyeitaka. Ikishang'aa, wajukuu wa aliyeinunua watatokea.

Andikeni karatasi kabla ya kukata bomba la kwanza. Mkitoa fedha kidogo, andikeni ni kiasi gani. Mkikubaliana kwamba beni ya jirani itaazima tuba kwa harusi na misiba yao, andikeni hilo pia, na ni nani atakayetengeneza ikiharibika huko. Viongozi wa pande zote mbili watie sahihi. Karatasi moja ibaki kwenu, ya pili kwao. Asiyejua kusoma asomewe kwa sauti mbele ya wote kabla ya kuweka kidole.

SIKU YA KUPULIZA

Tuba ikishaungwa, rudieni jaribio la "po!" kwa kila vali. Halafu tia mafuta. Pistoni hutaka mafuta membamba ya vali. Yakikosekana kabisa, mafuta safi ya taa, matone machache, huisogeza kwa muda. Mafuta ya kupikia na ya nazi hugeuka gundi. Mafuta ya injini ni mazito mno. Kwa mabomba ya kuvuta, mafuta ya mgando yanafaa.

Sasa mwite mpiga tarumbeta atoe sauti moja, na tuba imfuate. Tuba ikiwa juu kuliko yeye, vuta bomba kubwa la kuvuta. Kumbuka miguu miwili: ukivuta sentimita 2, umeongeza 4. Ikiwa chini, lisukume ndani. Likiisha kuingia lote na tuba bado iko chini, bomba mahali fulani ni refu mno, nalo laweza kupunguzwa kwa msumeno.

Lakini ikiwa umevuta mpaka mwisho na tuba bado iko juu, usimlaumu fundi wa rejeta. Beni za Uingereza zilikuwa na kipimo chao cha sauti kilicho juu kuliko cha leo, na walikitumia mpaka katikati ya miaka ya 1960. Tuba nyingi za Waingereza za kabla ya hapo zilitengenezwa kwa kipimo hicho. Kwa Bi-flati, tofauti yake ni sentimita 15 au 16 za bomba. Rudini kwenye mabaki ya tuba ya lori, kateni vipande viwili vilivyonyooka, kila kimoja kama sentimita 8, mkavitie katika miguu ya bomba kubwa la kuvuta. Mabomba ya vali nayo yavutwe kidogo, la kwanza kama sentimita 1, mengine kwa kusikiliza.

Mpigaji wa kwanza asiwe yule mwenye kifua kikubwa anayetaka kuonyesha nguvu. Mpeni mwenye subira. Apige sauti moja moja, ndefu, kutoka katikati kushuka chini, na mwenye daftari aandike ni sauti gani inayokataa na ni vali gani iliyobonyezwa. Ikikataa kila mara vali ya tatu inapobonyezwa, mnajua pa kutafuta uvujaji. Msifungue tuba nzima.

Jioni, mwageni maji yote, tuba ikauke ikiwa imelazwa juu ya kitambaa. Na mabaki ya ile tuba ya pili, pistoni zile mbovu, springi, skrubu, mkunjo uliobaki, hata chapati ya mdomo, yatieni yote katika gunia moja. Fungeni kikaratasi cha mwisho, muandike kwa herufi kubwa: SI CHAKAVU.

Mwezi ujao tutazungumza juu ya kuwamba ngoma kubwa ya beni.